Beseni, spoki na jani la mgomba: jinsi imani na hali ya nyumba zinavyomkuza mtoto Uganda

Katika nyumba ya Kiganda, mtoto wa miezi mitatu hasubiriwi mpaka aweze kuketi mwenyewe. Anafundishwa. Bibi, ambaye Kampala nzima anaitwa jajja hata na wasiojua Kiganda, huchukua beseni la plastiki, au kijijini huchimba kishimo kidogo uani. Hupanga khanga na mashuka makuukuu pembeni, kisha humketisha mtoto katikati, kiuno kikiwa kimeshikiliwa na nguo pande zote. Siku za kwanza ni dakika chache. Kichwa kikianza kulala, anatolewa. Wiki baada ya wiki nguo zinapunguzwa, mpaka siku moja mtoto anabaki wima bila kuegemea kitu.

Katika miaka ya 1950 daktari Mfaransa, Marcelle Geber, aliwapima watoto wachanga wa Kampala na kukuta wanashika vichwa na kuketi mapema kuliko watoto wa Ulaya. Wengi waliosoma matokeo yake walidhani ni jambo la damu. Baadaye Philip na Janet Kilbride walikaa na Waganda na kutazama kinachofanyika nyumbani, wakaliona beseni. Mtoto aliyeketi anaonana na wageni uso kwa uso. Anatabasamu, anaitwa jina, anasalimiwa. Kwa Waganda mtoto ni wa watu, na kuketi ndiyo hatua yake ya kwanza ya kuwa mtu kati ya watu.

Tumeanza na beseni kwa makusudi. Mazungumzo ya mila na malezi huanza mno na ubaya, mzazi akasikia anashtakiwa, akafunga masikio. Miaka ya kuingia nyumba za watu, kuanzia vibanda vya Busia mpakani hadi vyumba vya kupanga vya Kisenyi, Kampala, na kambi za Wakongo za Nakivale, inafundisha jambo moja: anachokifanya mzazi kina mizizi miwili. Mmoja ni anachokiamini, wa pili ni kilichopo nyumbani siku hiyo: fedha, umbali wa kituo cha afya, mimba mpya, nani yupo wa kumshika mtoto. Anayepambana na imani akaiacha hali ya nyumba ilivyo, atarudi baada ya mwezi na kuikuta imani palepale.

Hata beseni lina upande wake mbaya, nao unatoka kwenye hali, si kwenye mila. Mama anauza nyanya, hana wa kumwachia mtoto, basi beseni linageuka yaya. Mtoto anakaa saa mbili, mgongo unapinda, na anakosa muda wa kulala kifudifudi ambao ndio unaoimarisha shingo na mikono ya kutambaa. Dakika tano mara tatu kwa siku zinatosha mwanzoni, na asikalishwe kabla shingo haijakaza. Beseni la kukalia lisiwe lile la kufulia lililoachwa na maji: maji ya kina cha vidole vinne yanamzamisha mtoto.

Kyogero, maji ya majani anayoogeshwa mtoto mchanga apate ngozi nzuri na bahati, nayo ihukumiwe hivyo hivyo. Kuogeshwa kwa maji safi ya vuguvugu, mikononi mwa bibi anayemwimbia, ni jambo jema. Shida ni pale mtoto anaponyweshwa funda moja. Kwa miezi sita ya kwanza tumbo lake linataka maziwa ya mama tu, hata maji ya kawaida hayahitaji. Na kitovu kisipakwe majivu, masizi wala kinyesi cha ng'ombe. Mwaka 2011 Uganda ilithibitishwa kuwa imeitokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tishio la afya ya umma, na ilifika hapo kwa chanjo ya akina mama na kitovu kisafi kinachoachwa kikauke.

Sasa tuje kwenye spoki.

Mtoto ana miezi saba. Anahara, ana joto, ananyonya kidogo na kuacha. Jirani anamfungua mdomo, anapitisha kidole kwenye ufizi, anaona sehemu imevimba na kuwa nyeupe. "Ni ebinyo," anasema. Kiswahili cha mitaani ni meno ya uongo. Watanzania husema meno ya plastiki. Inaaminika kwamba meno hayo yasipotolewa mtoto atakufa. Mganga huja na spoki ya baiskeli iliyonolewa, au wembe. Hupasua ufizi, huchimba, hutoa kitu kidogo cheupe, laini, kama punje ya mtama, na kukiweka kwenye kiganja cha mama.

Ushahidi huo una nguvu kubwa, na anayetaka kumsaidia mama huyo lazima aelewe kwa nini. Kilichotolewa ni cha kweli: ni chembe changa ya chonge la utotoni, ambalo hukaa chini ya ufizi likisubiri kuota kati ya miezi 16 na 23. Kila mtoto anayo. Na baada ya siku chache kuharisha kunakoma kweli, kwa sababu kuhara kwa maji maji mara nyingi hukoma ndani ya wiki moja, ufizi ukipasuliwa au usipopasuliwa. Mama ameona ugonjwa, ameona jino, ameona mtoto amepona. Ukimwambia ni ujinga, unamwambia asiyaamini macho yake mwenyewe.

Kwa nini ugonjwa huja umri huo? Kuanzia miezi sita mtoto anaanza kula vya sufuriani, anatambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kinga aliyotoka nayo tumboni kwa mama inapungua. Meno yanasogea wakati huo huo, basi yanabebeshwa lawama ya mikono michafu na kikombe ambacho hakikuoshwa.

Madhara ni makubwa. Damu inaweza kutoka bila kukoma. Spoki iliyoingia vinywa vya watoto watatu asubuhi hiyo inaweza kubeba pepopunda na virusi vya UKIMWI. Mtoto akikua, utaona pengo pale chonge lilipotakiwa kuwa, na jino la ukubwani linaweza kuota likiwa na kasoro au lisiote kabisa. La hatari kuliko yote ni muda uliopotea: wakati mganga anachimba, mtoto anaendelea kukaukiwa maji, na hicho ndicho kinachoua.

Kinachofaa ni ORS, unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia mtoto maji mwilini, na vidonge vya zinki. Pakiti moja ya ORS huchanganywa kwenye lita moja ya maji safi, na lita hiyo ipimwe kwa chupa ya lita moja, si kwa kukisia. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena. Zinki ni nusu kidonge cha miligramu 20 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, kidonge kizima kwa aliyezidi, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu kwa kuwa kuhara kumekoma, wakaweka vidonge vilivyobaki kwa mtoto mwingine. Macho yakizama, mtoto akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu au choo kikiwa na damu, aende kituo cha afya saa hiyo hiyo.

Na usizungumze na mama peke yake. Mwenye neno la mwisho kuhusu ebinyo mara nyingi ni mama mkwe. Mwombe amlete mjukuu wa miaka miwili na nusu, mwoneshe chonge zake: "Jajja, haya ndiyo yaliyokuwa chini ya ufizi. Hakuna aliyeyatoa, na mtoto huyu anatafuna muwa." Kisha uliza swali la hali: kwa nini mganga na si kituo? Utasikia kwamba kituo kiko mbali, nauli ya boda boda ni pesa ya chakula cha siku mbili, mara ya mwisho dawa hazikuwepo, na mganga hukubali kulipwa mavuno yakifika. Ndiyo maana pakiti mbili za ORS na karatasi ya zinki zilizokaa tayari nyumbani kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule wote wanamwita VHT, huzuia spoki kuliko hotuba ya saa nzima.

Degedege tuliseme kwa kifupi kwa sababu halina subira. Wapo wanaoliona ni kazi ya ndege aliyepita juu ya nyumba, na hukimbilia kummwagia mtoto maji baridi, kumpaka kitunguu au kumtilia kijiko mdomoni. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu, usimtie chochote mdomoni, nenda kituo. Inaweza kuwa malaria kali. Mtoto wa kifafa naye ana balaa lake: watu huogopa povu lake wakidhani linaambukiza, wakamwacha aungue motoni alipoangukia. Povu ni mate tu. Mshike.

Jambo linaloeleza vizuri zaidi jinsi imani na hali ya nyumba zinavyofungana ni kuachishwa ziwa. Tanzania na pwani husema mtoto amebemendwa. Kiganda kina neno obwosi: mama akipata mimba huku ananyonyesha, maziwa yake yanaharibika na kumdhuru aliye kifuani. Basi mimba ikijulikana, ziwa linakatwa siku hiyo hiyo. Hupakwa pilipili au kitu kichungu. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi miwili. Baada ya muda nywele zake zinageuka rangi na kunyooka, uso unajaa, miguu inavimba, hacheki. Wazee wanatikisa kichwa: tuliwaambia ni obwosi.

Na wazee wameona kweli kitu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliuandikia ulimwengu wa tiba ugonjwa huo kwa jina la Kiga, lugha ya Waga wa huko: kwashiorkor, lenye maana ya ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani na mdogo wake anayekuja. Kiswahili tunauita unyafuzi. Hospitali ya Mulago, Kampala, ilikuja kuwa moja ya mahali ulipochunguzwa sana, na mwaka 1965 kikaanzishwa hapo kitengo cha lishe cha Mwanamugimu. Wazee wa Ghana na wa Buganda waliona mfuatano ule ule: mimba, ziwa kukatwa, mtoto kuvimba. Walikosea kwenye kiungo kimoja. Maziwa hayakuharibika. Mtoto ameondolewa chakula chake bora, akapewa uji mwepesi wa unga wa mahindi na maji.

Mama mwenye afya anaweza kuendelea kunyonyesha akiwa mjamzito. Maziwa yanaweza kupungua na ladha kubadilika. Akitokwa damu au akiwa na historia ya mimba kutoka, amwone mkunga kwanza. Akiamua kuachisha, aachishe kwa wiki kadhaa: aondoe nyonyesho moja la mchana, ngoja siku tano hadi saba, aondoe la pili, na la usiku liwe la mwisho. Tena mwiko wa zamani wa kutolala na mume wakati wa kunyonyesha ulikuwa na kazi yake, kuachanisha uzazi. Mume leo yuko ndani ya chumba kimoja na hakuna nyumba ya pili ya kwenda, basi kazi hiyo ifanywe na sindano ya miezi mitatu au vijiti. Kunyonyesha kwenyewe kunakinga mimba kama mtoto hajafika miezi sita, hapewi kitu kingine, na hedhi haijarudi. Kimoja kikikosekana, kinga hiyo imekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo mama hatakwambia mbele ya watu. Anayeachisha mapema, majirani humsoma. Wanasema ana virusi. Tangu mwaka 2012 Uganda humwanzishia kila mama mjamzito au anayenyonyesha mwenye VVU dawa za maisha, na akizimeza vizuri ananyonyesha maziwa tupu miezi sita na kuendelea pamoja na vyakula. Mama anayejua hilo hahitaji kujificha wala kukata ziwa kwa woga.

Chakula cha kumwokoa mtoto huyu kipo jikoni tayari. Kinaitwa kitobero, mchanganyiko ambao Mwanamugimu imeufundisha kwa miaka mingi. Chukua viganja viwili vya matoke au viazi vilivyokatwa, kiganja kimoja cha maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kumenywa maganda, kijiko cha mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, waliopondwa, na kiganja cha majani ya dodo, yaani mchicha. Babua jani changa la mgomba juu ya moto lilegee lisipasuke. Funga vyote pamoja na maji kidogo, weka kifurushi juu ya matoke ya familia kwenye sufuria moja, kipikike kwa mvuke mpaka maharage yabonyee kwa vidole. Ponda humo humo kwenye jani. Hakuna kuni ya ziada wala sufuria ya ziada, na hilo ndilo linalokifanya kiweze kupikwa kila siku.

Panapoharibika panajulikana. Mukene waliokaushwa chini wana mchanga. Waoshwe mara tatu, wakaushwe tena, ndipo wasagwe. Maharage yenye maganda humjaza mtoto gesi, mama akaapa hatayarudia. Karanga zenye ukungu au uchungu hazifai hata kuku. Na uji ukiwa mwepesi wa kumiminika, tumbo la mtoto linajaa kabla hajapata nguvu yoyote. Unaofaa ni ule unaobaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Mwenye miezi sita huanza na vijiko viwili au vitatu vikubwa, mara mbili au tatu kwa siku, mpaka afike nusu kikombe. Wa miezi tisa ale nusu kikombe mara tatu au nne. Aliyetimiza mwaka ale robo tatu ya kikombe hadi kizima, na kitu kidogo katikati. Awe na sahani yake. Kwenye sinia moja na kaka zake watatu, mkono mdogo huwa wa mwisho na hakuna anayejua amekula kiasi gani.

Wapo wanaoamini yai humchelewesha mtoto kusema, na zamani wanawake wa Kiganda hawakula kuku wala mayai. Imani hii tazama inakaa wapi leo: mara nyingi ni kwenye nyumba ambayo yai ndiyo sabuni na chumvi ya wiki. Mayai mawili kwa wiki kwa mtoto, mengine yauzwe, ni makubaliano ambayo bibi huyakubali. Karamoja nako, miezi ya njaa kabla ya mavuno, watoto hulishwa machicha ya pombe. Usiiite mila. Ni sufuria tupu.

Kupima, bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, hesabu polepole mpaka tatu, achia. Vishimo vikibaki, usingoje kesho. Utepe wa mkono nao unasema: kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hadi 12.5 ni njano.

Tumbo likishiba, kuna njaa nyingine isiyopimwa kwa utepe. Katika nyumba nyingi mtoto husikia amri tu: lete, toka, nyamaza. Mzazi hana ubaya. Kwa Waganda mtoto mwenye obuntubulamu, utu uliokamilika, hanyanyui sauti mbele ya wakubwa. Mwanasaikolojia Mallory Wober, katika utafiti uliochapishwa miaka ya 1970 kuhusu Waganda wanavyoielewa akili, alikuta wanaihusisha na upole na kufikiri taratibu, si na kujibu haraka. Mwalimu wa chekechea akimwona mtoto kimya humwita mzito. Bibi yake humwona ana akili. Wote wawili wanamwangalia mtoto yule yule.

Dawa ya hili imo ndani ya mila yenyewe. Salamu ya Kiganda ni ndefu: mtoto wa miaka mitatu anapiga goti, anauliza mgeni ameamkaje, anajibiwa, anauliza tena, anangoja zamu yake. Hilo ni somo kamili la lugha, linalofunza kusikiliza, kungoja na kujibu. Basi mwendeleze. Wakati wa kumenya matoke muulize, "Hiki kisu au kijiko? Maganda tumpe nani?" Kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka kumi. Watu wazima wengi hujijibu wenyewe kabla ya tatu.

Hofu ya lugha nyingi iondoke. Mtoto wa Arua au wa kambi ya jeshi husikia Kilugbara kwa mama, Kiswahili kwa baba, Kiingereza shuleni, na hachanganyikiwi. Anachanganya maneno kwa muda, kisha anayapanga. Wazazi wengi wa Buganda waliwanyima watoto Kiswahili kwa kuwa walikisikia kwa askari waliovunja milango enzi za Amin, na uchungu huo ni wa haki. Lakini kumkataza mama Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kyaka asizungumze na mwanawe lugha anayoota nayo ni kumnyamazisha mama. Kila mtu azungumze na mtoto kwa lugha anayoweza kumwimbia.

Hasara ya ukimya huonekana ukubwani. Zamani ssenga, shangazi upande wa baba, ndiye aliyemfunda msichana. Leo ssenga yuko Masaka, msichana yuko chumba cha kupanga Kampala, na mama anaona haya kwa kuwa si kazi yake. Msichana anaiona damu ya kwanza chooni shuleni, hajui ni nini. Aelezwe akiwa na miaka tisa au kumi, kwa simu na ssenga kama ndivyo familia inavyoona vizuri. Aoneshwe kitambaa kinavyokunjwa, kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita, kifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani. Vitambaa vinavyofichwa chini ya godoro havikauki, navyo huleta muwasho na vidonda.

Kuhusu fimbo, wazazi hututolea methali: samaki mkunje angali mbichi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Tunaziheshimu. Ila anayemkunja samaki mbichi humkunja kwa mkono mlaini, asivunjike. Sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ilikataza viboko shuleni. Nyumbani kiboko kiko palepale, na hupanda saa za jioni, baba amerudi bila kitu na mtoto amemwaga maji. Mtoto wa miaka miwili hawezi kushika maagizo matatu kwa pamoja. Mpe moja, umekaribia, kwa jina lake, umeinama macho yenu yalingane. Amemwaga maji? Mpe kitambaa, futeni wote wawili. Amempiga mwenzake? Mwondoe hapo, mweke kando yako dakika mbili, umwambie neno moja kwa nini. Ukihisi mkono wako unapanda, toka nje kwanza. Na unachokataza leo, kesho ukikataze pia. Sheria inayobadilika na hasira ya mzazi humfunza mtoto kusoma uso, haimfunzi kosa.

Tumebakiza mtoto anayepelekwa kwa bibi. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyewafuatilia watoto wa vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, aliwaona watoto wakitambaa mbali na mama kuchungulia dunia, wakirudi kumgusa, wakienda tena. Mama ndiye aliyewapa ujasiri wa kwenda. Kumpeleka mtoto kwa bibi wakati wa kuachishwa ziwa ni desturi ya tangu enzi hizo. Kisha UKIMWI ulipozikausha nyumba za Rakai na Masaka, mabibi walibaki na wajukuu kumi chini ya paa moja, na bila wao kizazi kizima kingepotea. Leo ni mama anayekwenda kufanya kazi za ndani Saudi Arabia, au Kampala. Hatutamwambia asiende, ada haijilipi.

Kosa la kwanza ni kumpokonya mtoto vitu vitatu siku moja: ziwa, mama, na mahali pa kulala. Achishe ziwa kwanza, angalau mwezi kabla. Kosa la pili ni kuondoka kwa kunyatia. Mama anangoja mtoto alale, anatoka na begi kimya ili asimsikie akilia. Mtoto anaamka, hayupo. Tangu siku hiyo anaogopa usingizi, anamng'ang'ania bibi akienda hata chooni, anakojoa kitandani ingawa alishaacha. Bibi, ambaye mgongo unamuuma na ana wengine wanne, anaona ni ukorofi, anachapa. Muage mchana, ameamka. Atalia, na kilio hicho ni salama kuliko usiku ule wa kumtafuta.

Mkabidhi bibi kitabu cha kliniki chenye chanjo, cheti cha kuzaliwa, na namba ya VHT wa kijiji chake. Mweleze kwa maneno mtoto analala saa ngapi, anaita maji nini, anaogopa nini. Tuma pesa kwa simu tarehe moja ya mwezi, hata kama ni kidogo, kwa sababu bibi asiyejua itakuja lini hupunguza chakula mapema. Piga simu siku ileile ya wiki na uongee na mtoto kwa jina, si na bibi tu. Usiseme "nakuja kesho" kama huji. Na umwachie khanga au shati ulilolivaa siku mbili za mwisho, alalie. Mwambie bibi asilifue wiki ya kwanza, hata likichafuka.